JIKO LA STIMA LIKIFA, TAFUTA KWENYE MAUNGIO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi na jamaa zao katika mkutano wa jioni)



Kamati imeniagiza niseme juu ya majiko ya stima katika nyumba tunazokaa. Wengine wenu mlicheka mliposikia habari hiyo. Mlisema, mtu wa mabehewa anajua nini juu ya jikoni? Ni kweli. Kazi yangu ni kukagua mabehewa. Shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Mimi si fundi wa stima wala sina leseni ya kazi hiyo. Lakini jambo lililotokea nyumbani kwangu limenifundisha, na fundi mwenye leseni aliyekuja mwishoni alikuwa mtu mwema, akanieleza pole pole mpaka nikaelewa. Nawaletea mafundisho hayo ili ninyi msilipe ada niliyolipa mimi.

YALIYONIPATA

Jiko letu lina sahani nne za moto juu, na oveni chini. Siku moja sahani mbili za kushoto zikafa. Mbili za kulia ziliendelea vizuri. Nikamwita kijana mmoja anayejiita fundi, mtu wa kuzunguka mitaani na bisibisi mfukoni. Akatazama kidogo, akasema, "Mzee, sahani hizi zimekwisha. Nunua mpya." Nikanunua mbili kwa pesa zilizokuwa za karo ya mtoto. Akazifunga, tukawasha, na papo hapo nyumba nzima ikawa giza. Breka imeanguka. Tukaiinua, ikaanguka tena.

Kijana akaomba dakika tano. Akaingia nyuma ya jiko, akatoka, akasema, "Washa sasa." Sahani zote nne zikapata moto. Nikamsifu, nikamlipa, akaenda zake.

Siku ya pili bibi yangu akaniambia, "Baba watoto, jiko hili linauma vidole." Nikamjibu kwamba ni kwa sababu mikono yake ina maji. Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Siku ya nne alikuwa akipiga deki, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji. Akashika mkono wa mlango wa oveni. Stima ikampiga, akaanguka chali, na wakati ule ule breka ikaanguka, nyumba ikawa giza. Mtoto wetu mdogo alikuwa amesimama mlangoni akiona yote. Namshukuru Mungu, mama yuko hai. Ndiye yule ameketi safu ya tatu, na ndiye aliyesema nije niwaeleze bila kuficha upumbavu wangu.

Ndipo nikamtafuta fundi mwenye leseni. Alizima meni, akahakikisha kwa kipimo chake kwamba stima haipo, kisha akafungua nyuma ya jiko na kunionyesha mambo matatu.

La kwanza, waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kuviringishwa tepu.

La pili, waya mmoja wa moto ulikuwa umebanwa na bati wakati wa kufunga sahani mpya. Mpira wake ulichanika, shaba ikagusa bati la jiko. Hiyo ndiyo iliyoangusha breka. Yule kijana hakutafuta waya uliobanwa. Alikata ethi tu ili breka isione kosa. Tangu saa ile mwili wote wa jiko ulikuwa na stima, ukingoja mtu.

La tatu, fundi aliomba zile sahani za zamani, ambazo kwa bahati zilikuwa bado ndani ya gunia nyuma ya mlango. Akazipima. Kila moja ilisoma karibu omu 38, na hivyo ndivyo ipasavyo kwa sahani ya wati 1500 kwenye volti 240. Zilikuwa nzima! Ugonjwa wa kwanza ulikuwa mahali waya za ukutani zinapoingia jikoni kwa nyuma. Pale pana kipande cha shaba, kifupi kama kidole, kinachopeleka stima kutoka upande mmoja wa jiko hadi wa pili. Skrubu yake ilikuwa imelegea na shaba imeungua nyeusi. Kijana alipovuruga waya kwa kufunga sahani mpya, shaba ikagusana tena, naye akadhani ameponya.

Basi, ndugu zangu, skrubu moja iliyolegea ilikula karo ya mtoto, na ilikaribia kumla mama yake.

NENO MOJA LA RELI

Sisi watu wa mabehewa tunajua jambo hili. Upepo wa breki ukipungua katika gari la moshi, hatusemi, "Badilisheni injini." Tunatembea kutoka injini mpaka behewa la mwisho, tukisikiliza kila mahali mpira unapoungana na mpira. Mara nyingi tunaukuta upepo unalia kwenye kiungo. Bomba lenyewe ni zima.

Stima ni hivyo hivyo. Waya uliolala ukutani, kama haukupigwa msumari wala kuliwa na panya, unaweza kukaa miaka mingi. Lakini kila mahali waya unaposhikwa na skrubu, kila siku jiko likipata moto shaba hutanuka, likipoa hunywea, na skrubu hulegea kidogo kidogo. Kiungo kilicholegea hupata joto, joto hukiunguza, na kiungo kilichoungua hupata joto zaidi. Ndivyo jiko linavyokufa, na ndivyo nyumba zinavyoungua.

Tena, hakuna mkaguzi mwenye akili atakayefunga breki za gari zima ili lisichelewe kuondoka. Yule kijana alifanya hivyo nyumbani kwangu.

WALINZI WAWILI NDANI YA SANDUKU

Katika sanduku la breka mna walinzi wawili, nao hawafanyi kazi moja.

Mlinzi wa kwanza ni breka ya kawaida, mathalan ya ampea 32 kwa jiko kubwa. Huyu hulinda waya. Stima ikizidi, huanguka. Lakini hamjui mtu. Stima inayoweza kuua mtu ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya ampea moja, na yeye haishughulikii kabisa.

Mlinzi wa pili ana kidude cha kubonyeza chenye herufi T. Huyu ni kama karani langoni. Anahesabu stima inayotoka kwa waya wa moto na inayorudi kwa nyutro. Hesabu isipolingana, anajua iko iliyopotea njiani, labda imepitia mwilini mwa mtu, naye hufunga lango mara moja. Yule wa nyumbani huwekwa aanguke upotevu ukifika miliampea 30. Ili mwone udogo wake: balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 250.

Breka ile niliyoilaani ilipokuwa ikianguka kila mara ndiyo iliyomwokoa bibi yangu. Ethi ingekuwapo, ingalianguka kabla ya yeye kushika jiko. Kwa kuwa ethi ilikatwa, ilibidi mwili wake uwe ndiyo njia, ndipo karani akaona hesabu imepungua.

Basi shikeni neno hili: breka ikianguka imekuletea habari. Isikilizeni. Msiifunge mdomo.

NJIA YA KUTAFUTA, HATUA KWA HATUA

Haya nitakayosema mtu yeyote mwangalifu aweza kuyafanya bila kufungua kitu chochote. Anayefungua skrubu ni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mwambie akuonyeshe leseni yake, na usione haya kumwomba.

Hatua ya kwanza: anza kwenye mita. Je, taa zinawaka? Kwa jirani je? Kama ni mita ya tokeni, tazama kama yuniti zimekwisha. Msicheke, wako watu walioita fundi kumbe tokeni imekwisha. Na kama taa za chumba kimoja zimefifia kama mshumaa, na za chumba kingine au za jirani zinang'aa kupita kiasi, hiyo ni hatari kubwa. Pengine nyutro imekatika huko nje. Volti 240 zaweza kupanda kuelekea 415 katika nyumba moja na kushuka katika nyingine. Zima meni mara moja, wajulishe majirani, na piga simu kwa kampuni ya stima. Usijaribu lolote.

Hatua ya pili: sanduku la breka. Breka ya jiko iko juu au chini? Kama imeanguka, zima kwanza vifungo vyote vya jiko na swichi kubwa ya jiko ukutani. Kisha iinue mara moja tu. Ikikaa, washa swichi ya ukutani. Ikikaa tena, washa sahani moja, ngoja dakika chache, kisha ya pili, mpaka oveni. Ile inayoangusha breka ndiyo mgonjwa wako. Iache imezimwa na umwambie fundi. Lakini kama breka inaanguka swichi ya ukutani inapowashwa tu, zima yote na uache. Jiko lililokaa miezi bila kutumika laweza kuvuta unyevu ndani ya chuma chake cha joto, likaangusha breka ya T. Hilo nalo ni kazi ya fundi, wala si sababu ya kukata ethi.

Hatua ya tatu: swichi kubwa ukutani. Itazame, inuse. Je, plastiki imegeuka rangi ya kahawia? Pana harufu kama samaki aliyeoza au mpira unaoungua? Unasikia mlio mdogo wa kukaanga? Baada ya kupika nusu saa, sogeza nyuma ya mkono karibu na swichi bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto, kiungo cha ndani kimelegea. Zima breka yake na usipike tena mpaka ifunguliwe na fundi.

Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Ile taa ndogo nyekundu kwenye swichi yaweza kuwaka, na testa ya bisibisi yaweza kuwaka pia, na bado jiko halipati moto. Sababu ni hii: taa hiyo hutaka stima kidogo mno, hata kiungo kibovu chaweza kuipitisha. Jiko linataka ampea 20 au 30, na hapo kiungo kibovu hushindwa. Ni kama daraja linalobeba mtu wa miguu. Hiyo si hakikisho kwamba litabeba injini. Tena, nyutro ikikatika, testa huonyesha moto upo lakini hakuna kitu kinachofanya kazi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa testa ya bisibisi peke yake. Fundi wa kweli hupima volti kati ya moto na nyutro wakati jiko limewashwa, ndipo ubovu hujitokeza.

Hatua ya nne: ikiwa jiko lako ni lile dogo la mezani la sahani mbili, tazama plagi na soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu ni ya ampea 13, yaani wati 3120 kwa volti 240, wala si zaidi. Jiko la wati 2500 linatosha hapo, lakini liwe peke yake. Usiliunganishe na birika la stima na pasi kwenye kamba moja ya kurefusha. Kamba zile nyembamba zimetengenezwa kwa redio na taa. Plagi ikiwa moto kiasi cha kukutoa mkono, au mguu wake mmoja umekuwa mweusi, badilisha plagi na soketi vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kilichobaki kitaunguza kipya.

Hatua ya tano: nusu ya jiko imekufa na nusu ni hai. Sahani moja ikifa peke yake, yaweza kuwa sahani au kifungo chake. Lakini mbili zikifa pamoja siku moja, usinunue sahani. Mwambie fundi, "Nifungulie kwanza mahali waya zinapoingia, tuone maungio." Neno hilo moja lingaliniokolea karo.

Hatua ya sita: jiko lote ni hai lakini dhaifu. Maharagwe yaliyokuwa yakiiva kwa saa mbili sasa huchukua tatu. Hapo volti imeshuka. Jiko la sahani huumia sana kwa jambo hili, kwa maana nguvu hupungua kuliko volti. Volti ikishuka kutoka 240 hadi 200, sahani ya wati 2000 hubaki na wati 1400 hivi. Ikiwa ni kila jioni, kwako na kwa majirani pia, ubovu uko nje kwenye laini. Ikiwa ni kwako tu, ubovu uko kwenye maungio yako. Andikeni katika daftari siku na saa. Malalamiko yenye tarehe hayatupwi upesi kama malalamiko ya mdomo.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimshike. Zima meni kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, ita watu waite msaada, mlaze chali, na umbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema yuko mzima, mpelekeni hospitali moyo wake utazamwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu alinunua jiko la kisasa la kioo. Linawaka taa, linalia, kisha linazima. Je, stima yetu ni mbovu?"

Jibu: Mama, pengine stima ni nzima. Jiko lile halina joto lake lenyewe. Hulipasha sufuria joto kwa nguvu ya sumaku. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, nalo haliioni alumini. Chukua sumaku, ibandike chini ya sufuria. Ikishika barabara, sufuria hiyo inafaa. Isiposhika, sufuria hiyo si ya jiko hilo. Likikataa hata sufuria ya chuma, ndipo upimishe volti.

Ndugu mmoja wa karakana aliuliza: "Nyumba yetu ni ya zamani. Hatuna breka ya T, tuna fyuzi za waya tu. Tufanye nini?"

Jibu: Kwanza, fyuzi ikikatika msitie waya mnene, wala msumari, wala karatasi ya sigara. Huko ni kumwua mlinzi wa mwisho. Pili, vaeni viatu jikoni na sakafu iwe kavu. Jiko likiuma vidole hata kidogo, zimeni siku ile ile, msingoje kama mimi. Tatu, andikeni barua kwa mwenye nyumba, wapangaji wote mtie sahihi, mtake fundi mwenye leseni apime ethi na aweke breka ya T. Mtu mmoja akilalamika huambiwa ni mkaidi. Wapangaji ishirini wakiandika pamoja, barua yao husomwa. Nakala mlete kwa Kamati.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, nimesema maneno mengi, lakini ya kuchukua nyumbani ni matatu tu. Fuata njia ya stima kutoka mita mpaka jiko, usirukie mwisho. Ugonjwa hupenda kukaa kwenye maungio. Na mtu yeyote atakayekata ethi ili breka isianguke, mtoe nje ya nyumba yako kabla hajalipwa.

Mwisho wa kila mwezi, mimi na mtoto wangu mkubwa tunabonyeza kile kidude chenye T. Nyumba ikizimika, tunajua mlinzi yuko macho, tunamwinua tena, na mama anaendelea kusonga ugali. Siku breka itakapokataa kuanguka, jiko litalala siku hiyo mpaka fundi aje, nasi tutakula mkate.

Umoja ni nguvu.